Nilipokuwa Efendi wa Sala

Agnesi mwanangu,

Barua hii naiandika tungali nyumba moja, mimi barazani na wewe chumbani, kwa hiyo sikuulizi habari za afya. Nasikia mwenyewe. Unagombana na mdogo wako juu ya mkeka, na sauti yako ni nzima kabisa. Mama yako amepita mara mbili akinitazama, hatimaye akauliza kwa nini mtu mzima anamwandikia barua mtoto aliye karibu hivi hata ukimrushia kokwa la chikichi linamfikia. Nimemjibu kwamba yako mambo ambayo nikiyasema kwa mdomo nitacheka au nitalia, na kalamu haina tabia hizo. Akasema, "Sawa, lakini usimwage wino kwenye mkeka wa safari."

Ya nguo, ya chawa, ya kutokula visamaki vya ndagala vya mtu usiyemjua ndani ya mtumbwi, hayo yote mama yako amekwisha kukuambia, na kesho atakuambia tena mpaka mtumbwi uwe mbali asiweze kusikika. Mimi nina jambo moja tu.

Juzi tukila uliniuliza, "Baba, ushirika wa sala unapangwaje?" nikakwama na mwiba wa samaki wa mukeke. Mlinipiga mgongoni wote, mdogo wako akafurahi kupata ruhusa ya kumpiga baba yake, na mwiba ulipotoka nikasema, "Muulize mama yako." Mama yako akacheka mpaka akashindwa kula. Ulidhani anaucheka mwiba. Alikuwa analicheka swali.

Najua kwa nini uliuliza. Yule mwalimu wa kike wa masista aliyepita hapa alikuambia kwamba shuleni huko uendako wasichana wanakaa nyumba nyumba, kila nyumba ina kikundi chake cha sala, na vikundi hivyo vimeshikana na vya misheni nyingine kando ya ziwa lote. Akasema mwaka huu wanatafuta mtu wa kuwaongoza wageni, kisha akakutazama wewe. Tangu siku ile unatembea kama umebeba mtungi kichwani. Jana nikakusikia uani ukiwapanga wadogo zako: huyu wa kuamsha, huyu wa kufagia, huyu wa kuangalia kama yule wa kufagia amefagia. Hapo ndipo nikaenda kutafuta wino.

Sikiliza basi yaliyompata baba yako.

Nilifika shule ya misheni kule mlimani, juu ya Kizuka, nikiwa kijana wa ndevu za kwanza. Asubuhi tulisoma herufi na katekisimu, mchana tulifyatua matofali. Wanafunzi tulilala katika nyumba tatu, kwa kufuata tulikotoka: nyumba ya Kizuka, nyumba ya Gatete na nyumba ya Minago. Padri mkuu wetu tulimwita Ndevu, si mbele yake, maana zilianza kufika mlangoni zenyewe kabla yeye hajafika.

Katika nyumba ya Minago alikuwapo Tomasi, huyu huyu unayemwita baba mkubwa. Alikuwa mvuvi, mabega kama mlango, na wiki zake za kwanza alilia kama ndama. Alikuwa hajapata kulala mahali asiposikia maji. Alisema mlima uko kimya mno, unamtisha. Jumapili moja alasiri, mimi na wenzangu wawili tukachukua mihogo ya kuchoma, tukaenda kukaa naye. Mmoja akasali. Tomasi akaimba wimbo wao wa kupiga kasia, akaingiza humo jina la Bikira Maria mahali palipokuwa na jina la mwanamke wa Minago. Akanyamaza kulia. Jumapili iliyofuata tukakaa tena, wakaongezeka wawili. Hatukuwa na jina. Hatukuwa na kitu chochote ila mihogo. Kama tungeachwa hapo hapo, leo nisingekuwa na la kukuandikia.

Lakini Padri Ndevu alituona, akafurahi. Akatukusanya wanafunzi wote baada ya uji, akasema, "Jambo hili ni jema sana. Lifike hata kwenye shule ndogo za Gatete na Minago. Lakini lazima liwe na mpango. Nani yuko tayari kuongoza?"

Mwanangu, asubuhi ile nilikuwa nimekunywa uji mwingi. Niliinuka kwenda nje.

"Gaspari!" Padri akasema, mikono juu. Wote wakapiga makofi. Sasa ungemwelezaje padri, mbele za watu, sababu iliyokusimamisha? Nikainamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu. Nikaenda zangu nyuma ya migomba, na niliporudi nilikuwa mkubwa. Jioni yake nilianza kuamini kwamba Mungu anaweza kumwita mtu kwa njia yoyote, hata ile.

Taabu ilikuwa kwamba sikujua kupanga. Na mtu hupanga kwa mfano wa yale aliyoyaona. Nilikuwa nimeona baraza la mtware, mtawala wa nchi yetu: yeye anakaa, wengine wanapiga makofi na kuleta pombe. Hiyo haikutufaa, pombe hatukuwa nayo. Nilikuwa nimeona misafara ya wafanyabiashara Waswahili pale Rumonge: mwenye mali mbele na mizigo nyuma. Mizigo pia hatukuwa nayo. Basi nikakumbuka siku nilipokwenda Usumbura na marehemu babu yako kupeleka mawese. Nilisimama nje ya boma nikawaona askari wa Wadachi wakifanya gwaride. Mtu mmoja alipiga kelele neno moja, "Aktungi!" na watu wote wale wakawa miti. Hata nzi hawakuwafukuza. Nikajisemea, ikiwa neno moja linaweza kumtuliza askari hivyo, je, litafanya nini kwa mkristo anayesinzia kwenye rozari?

Basi nikaazima vyeo vya askari wale, nikawa Efendi wa Sala, mkubwa wa wote. Tomasi, wa pili wangu, nikamfanya Shaushi wa Nyimbo. Kila nyumba nikaipa ombasha wake, mkubwa mdogo. Hapo ningesimama, lakini waliokosa cheo walinuna, na mtu aliyenuna hawezi kusali, kwa hiyo kwa ajili ya sala nikawapa vyeo. Akapatikana Ombasha wa Kuamsha, Ombasha wa Kufagia, Ombasha wa Wagonjwa, Ombasha wa Kuhesabu Waliokuja na mwingine wa Kuhesabu Wasiokuja, na hao wawili wakagombana kila Jumapili kwa sababu hesabu zao hazikukutana. Kabla mvua za kwanza hazijanyesha, ushirika mzima ulikuwa wakubwa watupu.

Nimekosea. Alibaki mtu mmoja asiye na cheo. Aliitwa Barnaba.

Barnaba alikuwa mzee kutuzidi sisi wote, mjane, mvi kichwani. Alikuja shule, kwa maneno yake mwenyewe, kwa ajili ya neno la Mungu na kwa ajili ya kumkimbia mke wa kaka yake. Katika kusoma alifika herufi M akatosheka. Nilipomuuliza anataka cheo gani, alisema, "Mimi? Hapana. Mimi nitakuwa ule mwingine." Ule mwingine ndio huyo anayeamrishwa.

Maskini Barnaba. Ombasha wa Kuamsha alimwamsha, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuamsha. Ombasha wa Kufagia alisimama juu ya kichwa chake akimwonyesha majani. Ombasha wa Wagonjwa alikuwa hana mgonjwa, akaona kazi yake itafutwa, basi akawa anamtembelea Barnaba kila siku, anamshika paji la uso, anamwombea apone.

"Mimi haiko mugonjwa," Barnaba alimwambia.

"Tunakuombea hivyo hivyo, muzee."

Wiki ya tatu akaugua kweli. Nilikwenda kumwona mwenyewe, pamoja na wakubwa wote, tukajaa chumba kile hata hewa ikakosa njia. Akafumbua jicho moja akasema, "Batoto bangu, mimi naomba kitu moja. Muniache nipone."

Sikumsikia. Nilidhani ni homa inayosema.

Mama yako wakati huo alikuwa akija misheni kufundishwa katekisimu pamoja na wanawake. Siku moja alisimama kwenye ua wa mihogo akitutazama tunavyomzunguka Barnaba uwanjani, kila mtu na amri yake. Akaniita, "Gaspari! Huyo mzee amefanya kosa gani?" Nikamwambia kwa sauti ya efendi kwamba haya ni mambo ya roho, yeye hawezi kuyaelewa. Akasema, "Mana yanje," yaani Mungu wangu, akaenda zake akicheka. Kicheko kile nimekisikia tena juzi wakati wa mwiba.

Sasa ya Gatete na Minago. Padri alitaka tushikane na shule zile, nasi tukashikana kijeshi. Tomasi alirudi kwao Minago kufundisha watoto herufi, na huko akafungua kikosi. Gatete nako tukapeleka mtu. Nikatoa amri kwamba kila Jumapili kila kikosi kiniletee habari kwa mdomo wa mjumbe: kikosi kimesali, kiko salama.

Mjumbe wa Minago alikuwa kijana mwepesi wa miguu na mzito wa pombe. Njiani alipitia soko la Rumonge. Habari iliyotoka Minago ikisema "kikosi kimesali, kiko salama" ilifika sokoni, ikakalishwa chini, ikapewa kibuyu, na ilipoinuka ilikuwa inasema, "Jeshi la Minago liko tayari!" Aliyasema hayo mbele ya wauza chumvi na wauza samaki, tena akataja efendi aliye mlimani, na mashaushi, na maombasha wasiohesabika. Wauza chumvi ni watu wa kusafiri. Habari ikapanda ziwa kuelekea Usumbura, na kila kijiji ilipolala iliamka imenenepa.

Mimi sikujua lolote. Mimi nilikuwa naandaa mkutano mkubwa. Niliamuru vikosi vyote vitatu vikutane siku ya sikukuu pale Rumonge, kwenye mchanga, chini kidogo ya mitumbwi, tuimbe na kusali mbele ya watu. Padri alikubali, akasema atatufuata baada ya misa. Na ili tupendeze, nikaagiza kila mtu achukue kuti la mchikichi lililochanwa majani, aliweke begani. Ukiniuliza kuti linahusianaje na sala, nitakuambia hata leo sijui. Nilikuwa nimewaona askari na kitu begani.

Tukafika. Watu wa Rumonge wakajaa kutazama. Nikawapanga mistari, Kizuka katikati, Minago kulia, Gatete kushoto, na Barnaba mbele, peke yake, kama kawaida yake. Nikavuta pumzi.

"Aktungi! Fumba macho! Sali!"

Tukasali. Nakuambia ukweli, mwanangu, ilikuwa sala nzuri. Watazamaji walinyamaza kimya kabisa hata nikasikia mawimbi, nikasema moyoni, roho imewagusa. Nikarefusha. Nikawaombea wavuvi, wakamuaji wa mawese, wafalme wa dunia. Nikasema "Amina," nikafumbua macho.

Watazamaji hawakuwapo. Mahali pao palikuwa na askari wa kweli, bunduki za kweli, wametuzunguka kutoka maji mpaka maji. Nyuma yao juu ya nyumbu aliketi Bwana Luteni, mweupe, mwekundu kwa jua. Na mbele yangu, karibu hata nilisikia harufu ya tumbaku yake, alisimama shaushi mwenyewe, Farajala, mtu aliyetoka mbali huko kaskazini, uso umechanjwa, kiboko mkononi.

"Nani mkubwa hapa?" aliuliza.

Nyuma yangu nikasikia makuti yanaanguka mchangani, moja moja, taratibu, kama watu wanaoweka chini mayai.

Shaushi Farajala akaenda kwa Tomasi. "Nimesikia iko shaushi mwenzangu hapa. Ni wewe?"

"Mimi, bwana?" Tomasi akasema, na sauti yake ile ya kuvuka ziwa ikawa ya kifaranga. "Mimi naimbaga tu."

Akaenda kwa Ombasha wa Kufagia. Huyo alisema yeye ni mpita njia. Ombasha wa Wagonjwa alisema anaumwa. Yule wa Kuhesabu Waliokuja alisema yeye hakuja. Kikosi kizima cha wakubwa kikayeyuka mbele ya macho yangu, akabaki efendi mmoja.

Bwana Luteni akasema maneno yake. Farajala akayageuza kwa Kiswahili, na hapo mchezo uliisha. Kwamba kujifanya askari ni uasi. Kwamba shule zote tatu zitafungwa leo. Kwamba vijana wote watafungwa kamba, watapelekwa kubeba mizigo ya serikali mpaka pwani ya bahari, na anayeitwa efendi atapigwa hamsa-ishirini, yaani fimbo ishirini na tano, hapa hapa. Nikamwona mwanamke mmoja wa Gatete kwenye miti akijishika kichwa; mwanawe alikuwa mstari wa kushoto. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba akimleta mtoto kusali ataondoka na kamba shingoni. Mimi ndiye niliyemwita.

Ndipo Barnaba akainua mkono, kama tulivyofundishwa darasani.

"Bwana Shaushi. Naweza kusema?"

"Wewe nani?"

"Mimi ndiyo jeshi."

Farajala akamtazama, kuanzia mvi mpaka miguu. "Jeshi gani?"

"Hili," akasema Barnaba. "Hawa bote ni bakubwa. Efendi ni yule. Shaushi ni yule murefu. Yule, yule, yule, bote ombasha. Askari iko mimi peke yangu. Wakisema simama, nasimama mimi. Wakisema fagia, nafagia mimi. Wameniombea mpaka nimeugua. Bwana, kama mutalifunga hili jeshi, mimi nitashukuru sana."

Farajala alikaza midomo. Mashavu yake yalianza kutetemeka. Nadhani katika miaka yake yote ya kazi alikuwa amewahi kuwa ule mwingine. Alimgeukia Bwana Luteni amweleze, akaanza, akashindwa, akaanza tena, machozi yakamtoka. Askari wa nyuma waliojua Kiswahili walikwisha kuinama. Bwana Luteni yeye hakucheka, lakini alikiangalia kikosi changu kwa muda mrefu, makuti yale mchangani, Barnaba na kaptura ya misheni iliyompwaya, kisha akauliza swali moja. Farajala akalileta: "Bwana anauliza, mulikuwa mukifanya nini kabla ya hivi vyeo?"

Tomasi akasema, "Tulikuwa tukila mihogo, bwana. Mimi nilikuwa nalia."

Shule hazikufungwa. Hakuna aliyetiwa kamba. Hamsa-ishirini ikawa tano, kwa ajili ya jina la efendi ambalo si langu, nami nikalala mchangani kuzipokea. Shaushi Farajala alikuwa bado anacheka, lakini kiboko hakijui kucheka. Padri Ndevu alifika wakati wa ya tano, anahema, kanzu imejaa matope. Aliposikia yote alisema neno moja tu: ushirika umekwisha.

Watu wa Rumonge wakanibeba mpaka mlimani. Nikalala kifudifudi katika nyumba ya Kizuka, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyekuja. Kila mtu aliogopa kuonekana na efendi. Ombasha wa Wagonjwa alipita dirishani mara moja, akaongeza mwendo.

Aliyekuja ni Barnaba. Alileta mawese ya kunipaka na sufuria ya maharage. Alinipaka, akakaa, akayala maharage karibu yote mwenyewe, kisha akalala akiwa ameegemea ukuta, akakoroma. Alipoamka akaniuliza, "Bado inauma?"

"Inauma."

"Ego," akasema, yaani ndiyo. "Inaumaga." Akachukua sufuria yake akaenda.

Hakusali juu yangu wala hakunishika paji. Sijui kama alikuwa na hekima au alikuwa na njaa. Lakini kuanzia hapo nikawa nasubiri miguu yake mlangoni kuliko nilivyowahi kusubiri kitu. Kesho yake alikuja na Tomasi, ambaye alikuwa ametembea kutoka Minago kuja kuniambia kwamba ana aibu, na alipofika akasahau kusema, akaimba. Wakaongezeka wengine, mmoja mmoja, wakiangalia chini. Mama yako naye alikuja. Yeye alikuja kucheka tu, akasema hivyo waziwazi. Akarudi tena kucheka, na tena, mpaka tukaoana.

Jumapili tulikuwa tumekaa kuzunguka mkeka wangu tukila mihogo ya kuchoma, mtu anasali, pasipo mtu kutuambia. Padri Ndevu alichungulia mlangoni. Akatutazama. Nikaona ndevu zinafunguka kulitamka lile neno lake, mpango, kisha zikafunga. Akaingia, akakaa chini, akaomba muhogo.

Hivyo ndivyo ushirika ulivyopangwa, Agnesi, na kwa kuwa uliuliza nitakuambia ulivyo, maana ndio huo utakaoukuta huko. Katika kila nyumba wanakaa pamoja wale wanaoweza kutosha chungu kimoja. Wakizidi chungu, wanagawanyika, na chungu kipya kinaanza. Kuongoza ni kwa zamu, mwezi ukiandama anashika mwingine, na kazi ya mwenye zamu ni kuuliza nani hayupo, kisha kwenda kumtafuta kwa miguu yake mwenyewe, asimtume mtu. Zamu ya Barnaba ilipofika alitusalisha kwa kuwaombea mbuzi wake, kila mmoja kwa jina, na walikuwa wengi, tulivumilia. Na kati ya Kizuka na Gatete na Minago hakuna tena wajumbe. Anayesafiri analala kwa wenzake, anakula kwao, habari anazisema mwenyewe. Mara moja kwa mwaka tunakutana wote, na wenyeji wanapika. Huyo mwalimu aliyekutazama alijifunza kwa mtu aliyejifunza Minago kwa Tomasi.

Usifikiri hatukukosea tena. Gatete waliogopa vyeo hata wakaogopa na zamu. Kila mtu alimngoja mwenzake aanze, mpaka binti mmoja aliugua mwezi mzima na kila mmoja alidhani mwingine amekwenda. Nilipopata habari nilitembea mpaka kule, sikumkuta. Ndugu zake walikuwa wamemchukua, na hakutaka tena kutusikia. Aliponiona njiani mwaka uliofuata aliinama kufunga mzigo wake mpaka nikapita. Lile la kiboko nalicheka. Hili bado silicheki. Kwa hiyo sikuambii ukatae kuongoza. Wakikuomba, kubali. Una sauti, una akili, na unajua kuamka mapema kuliko mimi. Nakuomba tu umtafute yule atakayekuwa ule mwingine katika nyumba yako, umuulize anaonaje. Na akikwambia umwache apone, mwanangu, mwache apone.

Jua linazama sasa na mama yako anataka baraza lake atandaze ndagala. Kesho asubuhi mtumbwi utakuwa pale chini ya Rumonge. Nimewaambia watu wa ushirika kwamba unaondoka, basi. Sikusema nani abebe sanduku, nani alete chakula cha njiani, nani aimbe. Mama yako anaogopa kwamba kwa hivyo hatakuja mtu. Mimi nimelala nyumba moja na watu hawa, nimepigwa mbele yao, nimezika nao. Watakuja wote, watachelewa, na watakuwa na mihogo kuliko mtumbwi unavyoweza kubeba. Usiwakatalie. Kula kidogo mbele yao kabla ya kupanda, waone.

Mimi nitakuwa nyuma nyuma. Kama sitasema neno, ujue nimekwisha kulisema humu.

Baba yako,
Gaspari